Picha Moja Kutoka Oysterbay

Msafiri atokaye Bujumbura kwenda Dar es Salaam kwa njia ya nchi kavu huvuka mpaka upande wa Manyovu, akateremkia Kigoma, kisha akapanda basi litakalomrusharusha mchana na usiku. Aliyetumwa na ofisi kufuatilia mizigo bandarini, kama nilivyotumwa mimi, hapati nafasi kubwa ya kutembea. Kwa bahati kazi yangu ilikwisha siku moja kabla ya basi la kurudi. Wenzangu walikwenda Kariakoo kununua vitenge. Mimi nikachukua bajaji hadi Oysterbay, kwa kuwa nina watoto wawili nyumbani na nilikwisha amua kwamba zawadi yao haitakuwa ya plastiki.

Oysterbay ni mtaa wa balozi, miti mikubwa na kuta ndefu. Kando ya Barabara ya Haile Selassie, karibu na mahali paitwapo Morogoro Stores, ndipo walipo wachoraji wa ushirika wa Tingatinga. Hapana ukimya wa makumbusho hapo. Mtu ameketi juu ya kigoda, kitambaa kimewambwa kwenye fremu mbele yake, makopo ya rangi yapo miguuni, redio inasema. Harufu ya rangi ya mafuta humfikia mgeni kabla hajaona picha yoyote. Twiga, pundamilia, tembo, samaki na ndege wamepangwa ukutani tangu chini hadi darini, nao wanang'aa kama baiskeli mpya.

Mfano huo wa baiskeli haukuja bure. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alitafuta kibarua katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, na yapata mwaka 1968 akaanza kuchora kwa rangi ile ile ya kupakia baiskeli, juu ya vibao vyembamba vya dari vilivyokatwa mraba, kiasi cha sentimeta 60 kila upande. Hakusomea uchoraji. Alipaka kwanza rangi moja ubao mzima, akauacha ukauke, kisha akamweka mnyama mmoja katikati, mkubwa, amejaa karibu ubao wote, jicho lake wazi. Picha ziliuzwa hapo hapo Morogoro Stores, aghalabu kwa wageni. Aliwakusanya vijana, wengi wao jamaa zake, akawafundisha. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kazi! Wanafunzi wake ndio walioendeleza, ushirika ukaandikishwa mwaka 1990, na leo jina la mtu mmoja limekuwa jina la mtindo mzima.

Nilimwuliza mchoraji mmoja, mtu mzima, kama wenyeji nao hununua.

"Mara moja moja, dada," alijibu bila kuinua brashi. "Wengi hupita, wakasema nzuri, wakaenda zao."

Sikushangaa. Kuta zetu, kwao na kwetu, zina kalenda, picha ya harusi na labda aya ya dini. Picha iliyochorwa na jirani, yenye wanyama wa hadithi tulizosimuliwa na bibi zetu, hupanda ndege kwenda Ulaya na Japani kabla mtoto wetu hajaiona. Tena wapo wasemao kwamba picha hizi zafanana mno. Ni kweli nyingi zafanana. Lakini mwenye kutazama vizuri huona kwamba twiga wawili waliotoka mikono miwili hawana shingo moja, na kulitambua hilo ni furaha ambayo hata mtoto mdogo aweza kuipata.

Nilizipita picha za vijiji na masoko, zenye umati wa watu. Mtu mzima huzifurahia. Mtoto wa miaka minne hupotea humo. Nikachagua kanga mmoja juu ya rangi ya manjano.

Nyumbani kwetu Buyenzi picha haikuwekwa juu ya kabati. Niliitundika usawa wa macho ya mdogo, mahali wanapokaa mkekani wakingoja chakula, wala sikuifanya somo. Chuo cha ualimu kilitufunza kwamba picha ni zana: ndege gani, mayai mangapi, jina lake huandikwaje. Hayo yafaa darasani. Nyumbani kuna kitu ambacho mwalimu mwenye watoto wengi hana, nacho ni muda.

Siku ya tatu binti yangu alisema, "Mama, huyu amevaa nguo yako."

Nami nilikuwa nimejifunga kanga ya madoadoa. Husimuliwa kwamba nguo hii ilipata jina lake kwa ndege huyo, kwa kuwa kanga za kwanza zilikuwa na madoa kama manyoya yake. Tukaitandaza chini ya picha. Akaona pindo linavyoizunguka nguo na mji ulivyokaa katikati. Kisha akaona kwamba mchoraji naye alizungushia picha yake mstari mweusi. "Ili asitoke," akasema. Sikuongeza neno.

Kaka yake ana miaka saba na anasoma shule. Alitazama mara moja akatoa hukumu: "Kakosea. Kanga hana miguu mirefu hivyo."

Neno hilo lilinichoma kuliko alivyojua. Mtoto yu darasa la pili, na tayari amejua kusahihisha kabla ya kutazama. Kumwambia kwamba hajui sanaa kungekuwa kumsahihisha msahihishaji. Nilimpa kipande cha karatasi, nikamwomba aifunike miguu nusu. Akafunika, akanyamaza.

"Sasa amekaa tu."

Akaondoa karatasi. "Sasa anatembea."

Ndugu msomaji, maswali ya kumwuliza mtoto mbele ya picha ni machache. Unaona nini? Kipi ulikiona kwanza? Umejuaje? Hili la mwisho ndilo kubwa, maana linamrudisha kwenye picha badala ya kumrudisha kwenye uso wa mama kutafuta jibu. "Nzuri au mbaya?" halina faida kwa mtoto mdogo. Dakika tano zatosha. Akichoka, mwache aende.

Bila shaka watataka kuchora. Wasipewe rangi ya mafuta kama ya wachoraji wale: harufu yake ni kali, na nyingine huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa watoto. Makaa yaliyosagwa, manjano ya jikoni na vumbi la tofali, kila kimoja kikikorogwa katika uji mwepesi wa unga wa muhogo, hutoa rangi za kutosha. Ubao ni boksi la dukani lililopasuliwa. Mwanangu alichora mbuzi mwenye miguu mirefu kupita ya kanga, naye hakuulizwa kwa nini.

Asiye na fedha ya picha asivunjike moyo. Sanduku la mama lina kanga ngapi? Tandaza mbili mkekani, funika pindo, funua, uliza.

Picha yetu imekaa ukutani miezi miwili, na macho yameanza kuizoea. Juma lijalo nitaishusha, mahali pake nitatundika kanga ya marehemu mama yangu, na ndege atarudi baada ya Ramadhani. Mdogo amekwisha uliza atalala wapi.