Mwenyeji Kwanza, Mgeni Baadaye: Hatima ya Mukurwe wa Nyagathanga

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Naam, kauli hiyo ina uzito wake. Walakini, methali hiyo haisemi ni nani atakayemlisha yule anayezitunza mila hizo, na hapo ndipo penye fumbo ambalo jamii nyingi za Kenya hazijalifumbua.

Chukua mfano wa kijana aliyelelewa Kiganjo, mjini Thika. Asubuhi, mawingu yanapopisha, kilele cha Mlima Kenya humtazama kutoka upande wa kaskazini. Kijana huyo hana muda nacho; anawahi matatu. Mazingira yake ni viwanda, mashamba ya mananasi na nyumba za kupanga ambamo Mkamba, Mluhya, Mjaluo na Mkikuyu huchangia bomba moja la maji na huelewana kwa Kiswahili. Darasani ameketi na Wanjiru, Wambui na Wangari tangu utotoni. Ukimuuliza majina hayo yalizaliwa wapi, atakuna kichwa. Ajabu ni kwamba jibu haliko mbali. Akipanda gari kupitia Kenol, Sabasaba na Maragua hadi mjini Murang'a, kisha akaendelea kuyapanda matuta, adhuhuri itamkuta Mukurwe wa Nyagathanga.

Kwa mujibu wa masimulizi ya Agikuyu, ambayo Jomo Kenyatta aliyanukuu katika kitabu chake *Facing Mount Kenya* cha mwaka 1938, Ngai alimpandisha Gikuyu hadi kileleni mwa Kirinyaga, akamwonyesha mahali palipojaa mikuyu katikati ya nchi, na kumwamuru ajenge makao yake hapo. Gikuyu aliposhuka alimkuta Mumbi, mwanamke aliyekuwa ameandaliwa kuwa mke wake. Wakajaliwa mabinti tisa. Wazee huitamka hesabu hiyo kwa tahadhari, *kenda muiyuru*, yaani tisa iliyojaa na kupita, kwa sababu haikuwa adabu kuhesabu watoto wa mtu kwa ukamilifu. Kila binti akawa chimbuko la ukoo. Kwa hivyo, majina yale ya darasani Kiganjo ni kumbukumbu inayotembea kwa miguu.

Je, kijiji hicho cha kale kimetunzwaje? Zimejengwa nyumba mbili za jadi, ya Gikuyu na ya Mumbi, ili mgeni apate taswira ya makao ya awali. Katika miaka ya 1980, ujenzi wa hoteli ya kitalii ulianzishwa papo hapo, ukakwama, na gofu lake likabaki kwa miongo kadhaa. Gofu hilo ni funzo. Linaonyesha fikra iliyotanguliza kitanda cha mgeni kabla ya kujiuliza mgeni huyo angesimuliwa nini, na nani, na msimulizi angepata nini. Utalii wa aina hiyo hata ungefaulu, ungemgeuza mwenyeji kuwa mfagiaji katika boma la babu yake.

Utalii endelevu hufuata njia tofauti. Msingi wake ni kwamba mahali pasiharibiwe, mtunzaji apate riziki, na elimu ya wazee ikifikie kizazi kijacho. Mfano upo kule Kwale. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ni mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyotambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mgeni anayeingia humo hufungwa kaniki, huongozwa na mwenyeji, na haruhusiwi kuondoka na chochote, hata jani lililoanguka. Si mwenyeji anayejipinda kumfuata mgeni. Mgeni ndiye anayejifunza adabu za mwenyeji.

Yamkini mzee wa Murang'a atauliza: je, kitakatifu huuzwa kwa tikiti? Swali lake ni halali. Fauka ya hayo, mahali hapa pamewahi kuvutwa katika malumbano ya siasa. Mwezi Mei 2021, Justin Muturi, ambaye wakati huo alikuwa Spika wa Bunge la Taifa, alitawazwa hapo kuwa msemaji wa eneo la Mlima Kenya, na wazee wakatofautiana hadharani. Ikiwa wanasiasa wanaweza kupagombania, mfanyabiashara atashindwaje? Dawa yake ni mipaka inayowekwa na wazee wenyewe. Matambiko yabaki mbali na kamera. Masimulizi, majina ya miti na matumizi yake, nduma, irio na uji wa wimbi, hayo mgeni aonjeshwe, na malipo yake yajulikane na kijiji kizima.

Sheria haipingi. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti shughuli za kitamaduni na utalii wa mashinani. Linalokosekana si idhini.

Aidha, mtalii wa kwanza hahitaji kutoka ng'ambo. Ni yule kijana wa Kiganjo pamoja na majirani zake wasiojua Kikuyu. Kwao, lugha ya kufungua lango ni Kiswahili, na hapo wanafunzi wa lugha hii wana kazi ya kufanya: kurekodi masimulizi, kuyafasiri kwa uaminifu, na kuwaandaa vijana wa kijijini kuwa waongozaji. Hoteli iliyokwama inaweza kukamilishwa mwaka wowote. Mzee akifariki na masimulizi yake, hakuna mkandarasi wa kuyamalizia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema. Mukurwe wa Nyagathanga ukuta ulijengwa zamani. Ufa ndio unaosubiri kuzibwa.