Bomba la Hewa na Karo ya Muhula

Mimi ni askari wa karakana ya magari, na kwa miaka mingi nimefungua na kufunga injini za malori pasipo kuona fahari yoyote katika kazi hiyo. Fahari iliniingia siku niliponunua gari langu mwenyewe, Subaru Impreza WRX iliyotengenezwa mwaka 2003, yenye injini ya lita 2 na tabo, yaani ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa nyingi zaidi. Fundi mmoja alikwisha kuirekebisha kompyuta yake ili tabo isukume kwa nguvu kupita ilivyotoka kiwandani. Gari lilikimbia vizuri. Laiti ningaliliacha hivyo!

Rafiki zangu wakaanza kusema kwamba gari haliwezi kupumua. Wakanipeleka katika duka moja mjini Kampala, nami nikauziwa bomba la alumini lililong'arishwa mithili ya kioo, lenye kichujio chekundu cha umbo la pia kwenye ncha yake, kisicho na boksi wala kifuniko. Bei yake ilikaribia karo ya muhula mmoja ya mtoto wetu wa kwanza. Mama watoto aliponiuliza fedha zimekwenda wapi, nilimjibu kwamba nimenunua kipuri cha lazima.

Boksi la kiwandani nililing'oa na kulitupa nyuma ya nyumba, na haukupita muda kuku akaanza kutagia ndani yake. Ama kweli, halikuwa kitu cha kupendeza macho: plastiki nyeusi, pana, iliyokaa kando ya taa ya mbele na kuvuta hewa kutoka upande wa madigadi, mbali na joto la injini. Watu wengi hudhani kuwa lile tundu kubwa juu ya boneti ndilo pua ya Impreza. La, tundu lile hupeleka upepo kwenye kipozeo kilicho juu ya injini, ambacho hupoza hewa iliyokwisha kusukumwa na tabo. Pua yenyewe ni lile boksi baya.

Kwa muda wa miezi minne nilikuwa mtu mashuhuri kambini. Nilipokanyaga mafuta, bomba lilivuma na kupiga mluzi, na vijana wa langoni walikuwa wakiniambia, "Afande, ongeza kidogo tusikie!" Nami niliongeza.

Mwezi wa tano tulikwenda ukweni. Tulipoiacha lami baada ya Mubende, tulifuata lori katika barabara ya udongo mwekundu kwa muda mrefu, watoto watatu wakiwa kiti cha nyuma na zawadi za wakwe zikiwa magotini mwao. Kwenye mlima mmoja injini ikaanza kugonga kama kokoto ndani ya debe. Niliidhania petroli mbaya, nikazidi kukanyaga. Mara nguvu zikaisha, na moshi wa buluu ukatoka nyuma. Tulifika ukweni saa nne za usiku, kwa pikipiki mbili za kukodi, mtoto mdogo akiwa amelala mgongoni mwa mama yake. Mama mkwe hakuuliza neno, alikipasha moto chakula akatuwekea.

Injini ilifunguliwa na fundi mzee wa Katwe. Pistoni moja ilikuwa imevunjika ukingo unaoshika ringi, na mapanga ya feni ya tabo yalikuwa yamelika. Mzee akaingiza kidole ndani ya bomba langu linalong'aa, akakitoa chekundu. Hakusema kitu. Aliyesema ni mama watoto: "Baba watoto, hiki ndicho kile kipuri cha lazima?" Matengenezo yalimeza karo ya mihula miwili, na mtoto wetu alirudishwa nyumbani majuma matatu kabla sijapata mkopo.

Napenda kueleza kilichotokea, kwa sababu aliyeniuzia hakunieleza, na mimi, fundi mwenye cheti, sikumwuliza. Ndani ya njia ya hewa ya gari hili mna waya mwembamba uliotiwa moto kwa umeme. Hewa ikipita huupoza, na kompyuta hutazama umeme unaohitajika kuurudishia joto lake. Hapo ndipo inapojua ni hewa kiasi gani imeingia na petroli kiasi gani inahitajika. Uwiano wa kawaida ni uzito wa hewa 14.7 kwa petroli 1, na tabo inaposukuma kwa nguvu petroli huongezwa zaidi ya hapo ili moto usiwe mkali mno. Kompyuta hupiga hesabu hiyo ikiamini kwamba waya umekaa katika bomba la upana uleule wa kiwandani. Chukua mfano wa bomba la milimita 65 na jingine la milimita 75. Tofauti yaonekana ndogo, lakini nafasi ya ndani imeongezeka kwa kama theluthi moja. Hewa ileile hupita polepole zaidi, waya hupozwa kidogo, kompyuta huhesabu pungufu, na petroli hupunguzwa wakati hasa inapohitajika. Ule mgongano niliousikia mlimani ulikuwa petroli ikilipuka kabla ya wakati wake. Vumbi nalo lilikuwa likila tabo polepole kwa miezi minne, kwa kuwa kile kichujio chekundu hakikukaa sawasawa kwenye bomba lake.

Basi nililazimika kuchagua mara ya pili, na safari hii mama watoto alikuwapo pamoja na daftari lake la matumizi. Shemeji yangu, naye askari, alipendekeza bomba refu linaloshuka hadi chini ya bampa ili kuvuta hewa baridi. Hoja yake ilikuwa na uzito. Nilikwisha kuweka kipimajoto chini ya boneti nikiwa katika msongamano wa magari: nje nyuzi 28, mahali pa kichujio changu cha wazi nyuzi 58. Hewa ya joto hilo ina uzito pungufu kwa kama asilimia 9, nasi Kampala, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, tayari tunavuta hewa nyepesi. Lakini mama watoto akauliza bomba hilo litakuwaje Bwaise mvua inaponyesha. Shemeji akanyamaza. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia silindani, vyuma vya pistoni hupinda palepale. Si bure magari ya Safari Rally yaliwekewa bomba la hewa lililopandishwa juu kando ya kioo cha mbele.

Jambo lililonifungua macho lilitoka katika mbio hizo hizo. Kwa miaka mingi, magari ya mashindano ya dunia, pamoja na Impreza aliyoshinda nayo Colin McRae katika Safari ya mwaka 1997, yalilazimishwa na sheria kuvuta hewa yote kupitia pete yenye tundu la milimita 34 tu, na bado yalitoa nguvu farasi zipatazo 300. Je, boksi langu lilikuwa linaninyima nini?

Nikaamua kupima. Nilimfukuza kuku, nikaliosha boksi, nikalifunga pamoja na kichujio kipya cha karatasi. Nikatoboa matundu mawili madogo, moja kabla ya karatasi na jingine baada yake, nikaunganisha mpira mwembamba unaopenyeza nuru, uliokunjwa mfano wa herufi U na kutiwa maji ya rangi. Katika kiwanja cha mashindano cha Busiika, siku ya mazoezi, niliendesha kwa nguvu zote huku mama watoto akiushikilia mpira kwenye rula ya mtoto. Akasoma: sentimita 7. Mgandamizo wa hewa ya Kampala ni sawa na maji ya karibu sentimita 900. Karatasi ile iliyodharauliwa ilininyima chini ya sehemu moja katika mia, na kwa sehemu hiyo nilikuwa nimelipa karo ya mihula mitatu.

Matundu niliyaziba, boksi likabaki. Kichujio cha pamba kinachotiwa oili nilikikataa pia, maana oili ikizidi huweza kuufikia ule waya na kuupaka. Nabadilisha karatasi mapema kuliko kitabu kinavyoagiza, kwa kuwa kitabu hakikuandikwa kwa ajili ya barabara za Mubende.

Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa Land Rover ya polisi huko Moroto, gari lenye kichujio cha oili, na kila jioni alikiosha kabla hajaosha uso wake. Kisha alipitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba lililotoka kwenye kichujio na kukitazama kwenye taa. Sasa nafanya hivyo kila Jumamosi, na mama watoto hudai kukiona kitambaa hicho kabla hajanipa fedha za petroli. Jumamosi iliyopita alikigeuza pande zote mbili, akakirudisha kwangu na noti mbili.