Daftari Haliulizi Lugha

Likizo iliyopita nilimsindikiza bibi jirani yetu, Mdatoga, kwenye zahanati moja huku kwetu Karatu. Kiswahili chake ni cha salamu tu.

"Bibi, dawa za presha unameza?"

"Ndiyo."

"Kuna zinazokudhuru?"

"Ndiyo."

Mimi Muiraqw, Kidatoga changu ni cha kuokoteza mnadani, lakini nikauliza upya. Kumbe dawa zilikwisha mwezi mzima uliopita.

Nikachungulia daftari: jina, umri, jinsi, kijiji. Lugha, hakuna.

Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kutuuliza kabila. Sababu naielewa, tulikuwa tunajenga taifa moja. Ila Mhadzabe wa Eyasi au Mmasai wa Ngorongoro akihudumiwa nusunusu, takwimu zitamwonaje? Sisemi kabila lirudi. Liongezwe swali moja tu: unaelewa lugha gani vizuri, na leo nani amekutafsiria?

Sisi wa ualimu tunajua, anayeitikia "ndiyo" kwa kila swali hajaelewa.

Nimesharudi chuoni. Kliniki ya bibi ni mwezi ujao, na sijui ataenda na nani.