Daka, Kiwanda na Maji

Tulipoizuru Lamu, tulikaribishwa katika nyumba moja ya kale ya mawe. Nje, punda waliobeba mchanga walipishana na watu katika kichochoro chembamba. Tuliingia dakani, njia ikapinda kupitia tekani, ndipo kiwanda kikatufungukia: mwanga, upepo na utulivu. Aliyesimama mlangoni asingeona hata upindo wa buibui.

Hapo tukaikumbuka Mombasa. Mji wetu ni kisiwa, lakini ni wangapi katika mabinti zetu wajuao kuogelea? Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe, na watu zaidi ya 270 wakafa maji. Ufuoni hakuna stara, na mjini nafasi ni finyu.

Basi shule ya kuogelea na ijengwe kwa mfano wa nyumba ile. Ikae ghorofa ya chini, kwani mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani nzima. Mlango upinde kama daka. Madirisha yawe juu, yalete mwanga na kutoa harufu ya klorini. Maji yawe ya vuguvugu, yasipite kifua cha mtoto, sakafu isiteleze, na pawe na baraza ambapo mama aona kila kichwa majini. Mabinti wawe na siku zao na walimu wa kike.

Wazee wetu walijua kusitiri pasi na kufungia. Elimu hiyo tunayo bado. Tuitumie kabla bahari haijatudai tena.