Mtori wa Mboghoni

Safari ilitufikisha Mboghoni, huko Taveta, kwenye mashamba ya migomba. Katika hoteli ndogo ya kando ya njia tuliandaliwa bakuli la mtori: supu nzito ya ndizi mbichi na nyama, ambayo Wachaga, majirani wa ng'ambo ya mpaka, humpikia mzazi aliyetoka kujifungua. Njia nzima ya kurudi Mombasa, kupitia Voi, fikira zetu zilikuwa kwa binti yetu, aliyekuwa ndani ya arubaini yake na chakula hakimpiti kooni.

Mtori wetu wa kwanza uliharibika. Ndizi tulizonunua zilikwisha kuanza kuiva, supu ikawa tamu kama uji. Mara ya pili tulichagua ndizi mbichi kabisa, tukazimenya kwa mikono iliyopakwa mafuta ili utomvu usigande. Mama watoto alitangulia kuchemsha nyama yenye mifupa, kwa kitunguu na chumvi, hata ikalainika. Ndipo akatia ndizi, zikaiva, akaziponda kwa mwiko ndani ya supu ile ile.

Haukuufikia ule wa Mboghoni. Lakini binti alimaliza bakuli, akaomba la pili. Alhamdulillahi.

Mtume wetu (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr azidishe maji ya mchuzi ili awakumbuke jirani zake. Basi sufuria ya mtori isiwe ndogo: penye mzazi mtaani, apelekewe bakuli lake.