Nyonga Mpya ya Mama

Mama mkwe wetu alirudi Njombe kutoka Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, akiwa na nyonga bandia. Kazi iliyobaki ilikuwa yetu sisi wakamwana wake.

Daktari alimkataza mambo matatu kwa majuma 12: asiikunje nyonga kupita pembe mraba, asikunje nne, asiugeuzie mguu ule ndani. Misuli iliyokatwa isipopona vizuri, kiungo huweza kuchomoka.

Lakini nyumba zetu ni za kuinama! Ufagio mfupi, choo cha kuchuchumaa, na baridi ya Juni ikibana, mzee atakaa wapi kama si kigodani penye moto? Mwenzetu wa Makambako alimwendea seremala, akatengenezewa kiti kirefu chenye mikono, na kingine chenye tundu cha kuweka chooni. Vikasafiri kama kilometa 60 juu ya basi. Kigoda tukakificha. Usiku tulimwekea mto katikati ya magoti. Kanisani aliomba ameketi. Walionong'ona tuliwaacha wanong'one.

Kumzuia asiokote vitu ndiko kulikotushinda nguvu. Mama aliyelima maisha yake yote haoni kijiko chini akakiacha.

Yakitokea maumivu ya ghafla, mguu ukafupika au kupinda, asiweze kusimama, msikubali mtu auvute, hata mganga wa viungo anayesifika. Mpelekeni hospitali upesi akapigwe picha. Tena madaktari hawapasui wote kwa njia moja, basi masharti ya mgonjwa wenu ombeni muandikiwe kabla hajatoka wodini.