Tikiti za Krismasi Zivukazo Bahari

Mtu afikaye Madrid, mji mkuu wa Hispania, katika mwezi wa Desemba, hukuta baridi kavu ishukayo kutoka milima ya Guadarrama, na hukuta foleni. Foleni hiyo si ya mkate wala ya mafuta ya taa. Huanzia mlangoni pa duka moja katika mtaa wa Carmen, hatua chache kutoka uwanja wa Puerta del Sol, hupinda kona na kuendelea, na watu waliovaa makoti mazito husimama humo saa nzima, pengine saa kadhaa. Duka hilo huitwa Doña Manolita, kwa jina la Manuela de Pablo, mwanamke aliyeanza kuuza tikiti za bahati nasibu mjini humo mwaka 1904.

Wengi wa wale wanaopanga foleni hawanunui kwa ajili yao peke yao. Mama hutoka dukani na bahasha nzima: ya dada yake, ya mkwewe, ya jirani wa ghorofa ya juu, ya mwanawe aliyekwenda kufanya kazi Ujerumani, ya shangazi aliyezeekea Buenos Aires. Katika nchi hiyo kumpa mtu tikiti ya Krismasi ni jambo la kawaida kama kwetu kumpelekea mtu kuku au kanga siku ya sikukuu. Asiyepewa hujiona kasahauliwa.

Tikiti yenyewe ina mpango wake. Tikiti kamili ya nambari moja huuzwa yuro 200, nao ni watu wachache wanaoinunua nzima. Imegawanywa vipande kumi, na kila kipande, kiitwacho desimo, huuzwa yuro 20. Nambari ni 100,000, kuanzia 00000 hadi 99999. Zawadi ya kwanza Wahispania huiita El Gordo, yaani Mnene, nayo humpa mwenye desimo yuro 400,000. Serikali hukata kodi ya asilimia 20 juu ya kile kinachozidi yuro 40,000, kwa hiyo mkononi hubaki yuro 328,000. Yule ambaye tarakimu yake ya mwisho inalingana na ya Mnene hurudishiwa yuro zake 20, naye hufurahi kama aliyeokota.

Askari wasomao habari hizi watapenda kujua kwamba bahati nasibu hii ni mtoto wa vita. Mwaka 1811 majeshi ya Napoleon yalikuwa yameiteka sehemu kubwa ya Hispania, na Bunge la nchi lilikuwa limejibanza katika mji wa bandari wa Cádiz, umezingirwa upande wa bara na kupata pumzi upande wa bahari tu. Hazina ilikuwa tupu. Waziri Ciriaco González Carvajal alishauri ianzishwe bahati nasibu ili fedha ziingie bila kuwaongezea watu kodi, na Bunge likakubali. Nambari za kwanza zilitolewa Machi 1812, na ile ya kwanza ya Krismasi ilichezeshwa tarehe 18 Desemba mwaka huo huo. Nambari iliyoshinda ilikuwa 03604. Tangu hapo mchezo haukukatika, hata katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1938 zilichezeshwa bahati nasibu mbili za Krismasi katika nchi moja: Serikali ya Jamhuri ilichezesha yake Barcelona, na upande wa Jenerali Franco ukachezesha yake Burgos. Watu waliokuwa wakipigana kwa mizinga hawakuweza kukubaliana juu ya jambo lolote, lakini wote wawili waliona kwamba Krismasi bila Mnene haiwezekani.

Siku yenyewe ni tarehe 22 Desemba, asubuhi saa tatu kwa hesabu ya Kiswahili, katika ukumbi wa michezo wa Teatro Real. Jukwaani husimama matufe mawili makubwa ya waya. Moja lina vidude 100,000 vya mbao, kila kimoja kimechorwa nambari yake. La pili, dogo, lina 1,807, ambavyo ndivyo zawadi. Watoto wa shule ya San Ildefonso, ambayo zamani ilikuwa ya mayatima, husimama wawili wawili. Mmoja huimba nambari na mwenzake huimba zawadi, kwa sauti moja isiyobadilika, saa baada ya saa. Watoto wa shule hiyo walianza kazi hii mwaka 1771, katika bahati nasibu iliyotangulia hii. Wasichana waliingia miaka ya 1980. Nyimbo hizo husikika katika kila mkahawa na kila jiko, na mama apikaye huacha mwiko sufuriani akasikiliza.

Sasa hizi tikiti huvukaje bahari? Miaka ya 1960 mamia ya maelfu ya Wahispania waliondoka kwenda viwanda vya Ujerumani, Uswisi na Ufaransa. Wengine walikuwa wametangulia zamani kwenda Argentina, Cuba na Meksiko. Baada ya msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008 vijana waliosoma nao wakafuata njia hiyo. Jambo la kufaa ni kwamba tikiti za Krismasi huanza kuuzwa mapema, mwezi wa Julai, na Agosti ndio mwezi wa wahamiaji kurudi nyumbani likizoni. Basi wengi hurudi ughaibuni na desimo katikati ya pasipoti. Wengine huzinunua katika mji mdogo wa Sort, kwenye milima ya Pirenei, kwa kuwa katika lugha ya Kikatalani neno hilo maana yake ni bahati. Jina limeutajirisha mji huo kuliko mashamba yake.

Kuitia desimo katika barua ni jambo jingine, na hapo ndipo penye hatari. Kwanza, desimo ni mali ya yule aliyeishika. Haina jina. Barua ikipotea, bahati imepotea nayo, kwani ofisi ya bahati nasibu hulipa kwa karatasi halisi, si kwa nakala wala picha. Pili, zawadi hudaiwa Hispania kwenyewe, katika muda wa miezi mitatu; muda ukipita fedha hurudi katika hazina ya Serikali. Zawadi za yuro 2,000 na zaidi hulipwa benki. Mjomba aliye ng'ambo aliyeisahau tikiti katika mfuko wa koti hadi Aprili ameshika karatasi tu.

Tatu, kuna sheria za nchi za watu. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1895 kuingiza nchini tikiti za bahati nasibu za kigeni, na posta yake hairuhusiwi kuzibeba. Uingereza nayo ilitunga sheria mwaka 1934 dhidi ya tikiti za nje, na hasa iliwalenga Waairishi. Hao walikuwa na bahati nasibu yao ya mbio za farasi, iliyoanzishwa Dublin mwaka 1930 kwa ajili ya kusaidia mahospitali, ikaendelea hadi 1987. Tikiti zake zilifichwa melini, zikapita mikononi mwa mabaharia na wapagazi wa bandari, zikawafikia ndugu waliohamia Boston na New York, na vishina vikarudi Dublin kwa njia zile zile. Polisi na maofisa wa forodha walizikamata kwa magunia. Aliyempelekea binamu yake zawadi hiyo kwa moyo mweupe alikuwa amemtia katika kosa bila kumwuliza. Tena baadaye ilidhihirika kwamba waanzilishi walitajirika mno, na wagonjwa wakapata kidogo kuliko walivyodhani wanunuzi.

Wahispania wa leo wamepata dawa. Karatasi hubaki nyumbani kwa mama, ndani ya kabati au chini ya sanamu ya mtakatifu, na aliye mbali hupelekewa picha ya desimo kwa simu, pamoja na maneno machache: nambari fulani, nusu yako na nusu yangu, au yote yako. Maneno hayo machache yana uzito kuliko picha. Mahakama za Hispania zimesikiliza kesi nyingi za mandugu, marafiki na wachumba waliogombea desimo moja. Sheria humchukulia aliyeishika kuwa mwenyewe, lakini mwenzake akithibitisha kwamba waliahidiana kugawana, ahadi hiyo hutimizwa, na aliyeificha tikiti ya shirika aweza kuhukumiwa kama mwizi wa amana. Hata kodi ina neno lake: wanaogawana huandikisha majina yao wote benki siku ya kupokea, kwa sababu anayechukua yote peke yake kisha akamgawia ndugu huhesabiwa ametoa hiba, na hiba hutozwa kodi nyingine. Familia inayocheza upatu itaelewa haraka. Upatu hauvunjwi na umaskini. Huvunjwa na daftari lisiloandikwa.

Mbona basi wasinunue kila mtu yake? Jibu moja ni upendo. La pili ni woga, na Wahispania wenyewe hulikiri kwa kicheko: hakuna adhabu kubwa kama kuwaona wote wa ofisi moja, au wa ukoo mmoja, wametajirika asubuhi moja isipokuwa wewe. Mwaka 2011 jambo hilo lilitokea kweli katika kijiji cha Sodeto, mkoa wa Huesca. Chama cha kina mama wa nyumbani kilikuwa kimepita mlango kwa mlango kikiuza mafungu ya nambari 58268. Mnene akaanguka hapo. Kijiji cha wakulima kiliimba na kulia, takriban nyumba zote zikapata, ila mtu mmoja mgeni kutoka Ugiriki, aliyekaa pembezoni, ambaye mlango wake haukugongwa.

Mwaka 2015 Mnene alikwenda Roquetas de Mar, katika pwani ya Almería, mahali ambapo Waafrika wengi hufanya kazi katika mashamba yaliyofunikwa plastiki. Miongoni mwa waliokuwa na desimo ya 79140 alikuwamo kijana wa Senegal aliyefika Hispania kwa mashua na kuokolewa baharini. Safari hii habari njema ndiyo iliyovuka maji kwenda Afrika, na tikiti ikabaki Ulaya.

Hesabu ya jikoni, hata hivyo, haibadiliki. Katika kila yuro 20 zinazolipwa, 14 hurudi kwa washindi na zilizobaki hubaki kwa Serikali na gharama zake. Nambari moja kati ya 100,000 ndiyo Mnene. Mwenye mshahara mdogo akinunua desimo kumi ili asimwache nje ndugu hata mmoja, ametoa yuro 200, na Januari haina huruma. Ndiyo maana nyumba nyingi zenye busara hununua desimo moja tu na kuigawa vipande vya yuro mbili mbili kwa watu kumi, walioko karibu na walioko mbali, majina yote yakaandikwa katika karatasi na kila mmoja akapelekewa nakala yake.

Inapofika adhuhuri ya tarehe 22 tufe la zawadi hukaribia kuisha, na simu kutoka Zürich, Caracas na Hamburg huanza kulia. Mama huenda kabatini, huitoa karatasi, huvaa miwani, na kuisoma nambari polepole, tarakimu moja baada ya nyingine, huku upande wa pili wa simu kukiwa kimya.